Namna ya Kuboresha Mfumo wa Kuingiza Hewa kwenye Injini ya Gari la Spoti

Nguvu ya injini ya petroli hutegemea uzito wa hewa unaofika ndani ya silinda. Petroli si tatizo, kwa sababu injekta zinaweza kuiongeza papo hapo kompyuta inapoagiza, lakini hewa huingia kwa kadiri njia yake inavyoiruhusu. Gramu 1 ya petroli huhitaji takriban gramu 14.7 za hewa ili iungue yote, na dereva anapokanyaga mafuta hadi mwisho, kompyuta huongeza petroli mpaka uwiano ushuke kwenye 13 au hata 12.5 kwa 1. Anayetaka kuboresha mfumo huu basi anatafuta hewa ipite bila kizuizi, iingie ikiwa ya baridi, na kompyuta ijue kwa usahihi kiasi kilichoingia. Sharti hili la mwisho ndilo linalopuuzwa zaidi, ingawa ndilo linalotenganisha gari lililoboreshwa na gari lililoharibiwa, na kwa sababu hiyo mwongozo huu utalikalia kwa muda mrefu kuliko mengine.

Mwongozo unamhusu mwenye gari anayejua kutumia spana na ambaye yuko tayari kupima kabla ya kununua. Kupima ndiyo hatua ya kwanza, na haina njia ya mkato.

Tambua mahali hewa inapokwama

Fungua boneti injini ikiwa imepoa, kisha fuata njia ya hewa kwa macho na kwa mkono tangu mwanzo hadi mwisho. Huanza kwenye mdomo ulio nyuma ya grili au pembeni mwa radieta, hupita kwenye mfereji wa plastiki hadi boksi la kichujio, kisha kwenye sensa inayopima uzito wa hewa, halafu kwenye bomba lenye mikunjo ya mpira, throto (mlango unaodhibiti hewa inayoingia kwenye injini), manifoldi (mabomba yanayoigawa hewa kwa kila silinda), na hatimaye valvu. Kwenye injini yenye turbo, bomba linalotoka kwenye sensa huingia kwanza kwenye turbo, na hewa iliyoshindiliwa hupozwa kwenye intakula kabla ya kufika kwenye throto. Utakuta pia vijiboksi vilivyofungwa ambavyo vimeunganishwa na bomba kwa shingo fupi na ambavyo vinaonekana kama havina kazi. Wengi huving'oa wakidhani vinazuia hewa, ilhali hewa haipiti ndani yake. Kazi yake ni kumeza mawimbi ya sauti, na kwenye baadhi ya injini vimepimwa ili kusaidia nguvu katika mizunguko fulani. Usiving'oe kabla ya kuwa na vipimo vinavyokuonyesha faida.

Hesabu ya hewa inayohitajika si ngumu. Injini ya mipigo minne hujaza silinda zake zote mara moja katika kila mizunguko miwili ya krenki (shafti kuu ya injini), kwa hiyo injini ya lita 2 isiyo na turbo, ikizunguka mara 7000 kwa dakika na silinda zikijaa kikamilifu, huvuta takriban lita 7000 kwa dakika, yaani lita 117 kila sekunde. Katika bomba lenye kipenyo cha ndani cha milimita 63, hewa hiyo itakimbia kwa mwendo wa karibu mita 37 kwa sekunde, na katika bomba la milimita 76 itakimbia kwa karibu mita 26. Tofauti hii ina maana hasa kwenye kona na mahali bomba linapobadilika ukubwa ghafla, kwa kuwa upotevu wa shinikizo hukua kwa mraba wa mwendo. Kwenye bomba fupi lililonyooka na lenye ngozi laini, upotevu ni mdogo katika hali zote mbili, na mtu anayetoa bomba la milimita 70 lililonyooka ili aweke la 76 huenda asiambulie chochote.

Mahali pembamba kuliko pote ndipo panapotawala. Mashindano ya dunia ya mbio za rali yanalionyesha jambo hili waziwazi: magari yake ya daraja la juu yalilazimishwa kupitisha hewa yote kwenye tundu la milimita 33 lililowekwa mbele ya turbo, na kanuni zilipopanua tundu hilo hadi milimita 36 mwaka 2017, nguvu zilipanda kutoka takriban farasi 300 hadi 380. Hakuna kilichowekwa nyuma ya tundu lile ambacho kingeweza kufidia udogo wake. Kwa gari lako, kazi ni kulitafuta tundu lako mwenyewe, na kulitafuta kwa kipimo badala ya kukisia.

Kipimo rahisi ni kupima upungufu wa shinikizo. Toboa tundu dogo mahali salama kwenye mfuniko wa boksi, upande wa hewa iliyokwisha kuchujwa, unganisha mpira mwembamba, na uufikishe kwenye geji ya shinikizo dogo au kwenye mpira unaopenya mwanga uliokunjwa kwa umbo la herufi U na kutiwa maji nusu. Kila sentimita 10 za tofauti kati ya maji ya upande mmoja na mwingine ni sawa na kilopaskali (kPa) 1 hivi, na hewa ya kawaida usawa wa bahari ina shinikizo la takriban kPa 101, kwa hiyo kila sentimita 10 ni karibu asilimia 1 ya hewa uliyopoteza. Mpira wa maji uwe mrefu kiasi cha kutosha, angalau mita 1 kila upande, ili maji yasije yakavutwa ndani ya bomba. Pima kwenye dainomita (mashine ya kupima nguvu ya gari) au kwenye uwanja uliofungwa, mafuta yakiwa yamekanyagwa hadi mwisho, na mtu mwingine akisoma kipimo. Kisha rudia ukiwa umetoa kichujio kwa muda wa jaribio hilo tu, mahali pasipo na vumbi, na rudia tena ukipima mbele ya throto. Namba hizo tatu zitakuonyesha kama mkwamo uko kwenye mdomo, kwenye kichujio au kwenye bomba. Baada ya kumaliza, ziba matundu yote kwa plagi za mpira zinazokaza.

Soma matokeo kwa uaminifu. Ikiwa jumla ya upungufu ni sentimita 15 za maji, basi hata kama ungefaulu kuondoa kizuizi chote, jambo ambalo haliwezekani, ungepata karibu asilimia 1.5 tu ya nguvu zaidi. Magari mengi ya spoti hutoka kiwandani yakiwa na mfumo wa hewa uliobuniwa vizuri, na mwenye gari la aina hiyo atafaidika zaidi kwa kuweka kichujio kipya na kushughulikia joto kuliko kununua mfumo mzima.

Joto lina hasara kubwa kuliko kizuizi

Hewa ikipashwa joto hupanuka, na ujazo uleule huwa na uzito mdogo. Hewa ya nyuzi 25 za Selsiasi ikifika kwenye silinda ikiwa na nyuzi 55, uzito wake kwa kila lita umeshuka kwa karibu asilimia 9, na hasara haiishii hapo: hewa yenye joto huongeza uwezekano wa injini kugonga, yaani mchanganyiko kulipuka wenyewe ndani ya silinda, kwa hiyo kompyuta huchelewesha cheche za plagi ili kuilinda, na nguvu hupungua tena. Linganisha na ile asilimia 1.5 ya kizuizi, uone ni wapi panapostahili fedha na juhudi zako.

Hili ndilo linalonifanya nisipendekeze kichujio cha umbo la pia kinachoachwa wazi ndani ya chumba cha injini. Kinauzwa kwa wingi, kinafungwa kwa muda mfupi, na mvumo wake mtu akikanyaga mafuta humfanya dereva aamini kwamba gari limepata nguvu mpya. Kumbe kinavuta hewa iliyopita kwenye radieta na juu ya manifoldi ya moshi, hasa gari linapokwenda polepole au linapoanza kuondoka baada ya kusimama. Kama unataka kichujio cha aina hiyo, kiwekee boksi linalokitenga na joto pande zote, lenye mpira unaokutana na boneti inapofungwa, na lenye mfereji mpana unaoleta hewa kutoka nje ya chumba cha injini. Kingo ya bati ya upande mmoja tu haisaidii sana, kwani hewa ya moto huizunguka.

Kuhusu mabomba, watu hubishana kama alumini ni mbaya kuliko plastiki kwa sababu hupata joto haraka. Gari likiwa katika mwendo na mafuta yakiwa yamekanyagwa, hewa hupita kwenye bomba la sentimita 80 kwa takriban thuluthi moja ya sehemu ya kumi ya sekunde, na muda huo hautoshi kuipasha joto la maana. Gari likisimama injini ikiwa inanguruma polepole, bomba la alumini hupata joto kweli, na kitako cha sensa ya joto nacho hupata moto, hivyo sensa hudanganya kompyuta kwa muda mfupi gari linapoondoka. Plastiki nene au nyuzi za kaboni ni bora kwa kiasi hicho tu. Mahali mdomo unapovuta hewa pana umuhimu mkubwa zaidi kuliko kitu bomba lilichotengenezwa nacho.

Wapo pia wanaotegemea mwendo wa gari ushindilie hewa kwenye mdomo ulioelekezwa mbele. Kwa kilomita 100 kwa saa, upepo unaokabili gari una shinikizo lisilofika hata nusu ya asilimia 1 ya shinikizo la hewa, na kwa kilomita 200 kwa saa bado halifiki asilimia 2, hata kama hakuna kinachopotea njiani. Mdomo wa mbele ni mzuri kwa sababu unapata hewa baridi. Ushindiliaji ni nyongeza ndogo inayoonekana kwenye uwanja wa mbio peke yake.

Upande wa pili wa mdomo wa chini ni maji. Bomba refu linaloshuka hadi nyuma ya bampa hupata hewa baridi kuliko yote, lakini kichujio kikizama kwenye dimbwi, injini itavuta maji, na maji hayashindiliki kama hewa. Pistoni inayopanda ikikuta maji juu yake hupinda konrodi, mkono unaoiunganisha na krenki, au huvunja zaidi ya hapo. Ikiwa barabara zako hujaa maji wakati wa mvua, mdomo usishuke chini ya ule wa kiwandani. Mtengenezaji aliuweka juu kwa sababu hiyo.

Sensa ya kupima hewa

Magari mengi yana sensa yenye waya au kipande chembamba kinachopashwa umeme na kupozwa na hewa inayopita. Umeme unaohitajika kudumisha joto lake huieleza kompyuta uzito wa hewa. Sensa hiyo, hata hivyo, haigusi hewa yote ya bomba. Huonja sehemu ndogo inayopita mbele yake, na kompyuta hukadiria iliyobaki kutokana na kipenyo cha bomba lililokuwapo kiwandani. Ukihamishia sensa ileile kwenye bomba la ukubwa mwingine, jedwali lote la kompyuta linakuwa si la kweli.

Chukua mfano. Bomba la sensa lilikuwa na kipenyo cha ndani cha milimita 70, na bomba jipya lina milimita 76. Eneo la tundu limeongezeka kwa karibu asilimia 18, hewa inapita polepole zaidi mbele ya sensa, na sensa inasoma takriban asilimia 15 pungufu ya hewa iliyoingia kweli. Kompyuta inapima petroli kulingana na hesabu hiyo pungufu. Katika mwendo wa kawaida, sensa ya oksijeni iliyoko kwenye bomba la moshi hugundua kasoro na kompyuta huongeza petroli kufidia, kwa hiyo dereva haoni lolote. Akikanyaga mafuta hadi mwisho, kompyuta nyingi huacha kufuata sensa hiyo na kutegemea jedwali, na hapo ndipo injini inapoungua kwa petroli pungufu katika wakati wa mzigo mkubwa kabisa. Ni kweli kwamba injini yenye petroli pungufu kidogo huweza kuonyesha nguvu zaidi kwenye dainomita, kwa kuwa viwanda vingi hupanga petroli nyingi kwa ajili ya usalama, na baadhi ya matangazo ya mifumo ya hewa husimama juu ya ukweli huo bila kuusema. Nguvu ya namna hiyo inalipwa kwa pistoni na valvu.

Kwa hiyo, sharti la kwanza unaponunua mfumo ni kwamba sehemu inayobeba sensa iwe na kipenyo cha ndani kilekile cha kiwandani, au mfumo uje pamoja na programu mpya ya kompyuta iliyotengenezwa kwa ajili yake. Pima mwenyewe kwa kalipa. Usitegemee maelezo ya kwenye kifurushi. Sharti la pili ni kwamba hewa ifike kwenye sensa ikiwa imetulia. Kona kali mbele yake tu huifanya hewa isukumwe upande mmoja wa bomba, na sensa husoma juu au chini kutegemea imeelekea wapi. Nafasi iliyonyooka mbele ya sensa iwe ndefu kadiri chumba kinavyoruhusu, na kama boksi la kiwandani lilikuwa na wavu wa vitundu mithili ya sega la nyuki mbele ya sensa, wavu huo uhamishwe pamoja nayo.

Kuna injini zisizo na sensa hii, ambazo hukadiria hewa kutokana na shinikizo la ndani ya manifoldi, joto la hewa na idadi ya mizunguko. Hizo huvumilia mabadiliko ya bomba kwa urahisi zaidi. BMW ilifuata njia hiyo katika M3 CSL ya mwaka 2003: sensa ya uzito wa hewa iliondolewa, boksi kubwa la nyuzi za kaboni likawekwa juu ya throto sita, na nguvu zikafika farasi 360 za kipimo cha Ulaya kutoka 343. Ila boksi lile halikufanya kazi peke yake. Kemshafti, valvu za moshi na programu ya kompyuta vilibadilishwa pamoja nalo.

Kichujio chenyewe nacho kinaigusa sensa. Vichujio vya pamba iliyopakwa mafuta hupitisha hewa vizuri na huoshwa na kutumika tena, lakini mtu akivipaka mafuta kupita kiasi, ukungu wa mafuta huganda kwenye waya wa sensa na vumbi hushika juu yake. Kichujio kikavu cha nyuzi za sintetiki huondoa wasiwasi huo. Kichujio cha karatasi kilichotengenezwa vizuri bado huzuia vumbi kwa kiwango cha juu, na udhaifu wake mara nyingi hutibika kwa kukipata chenye eneo kubwa. Tafuta mtengenezaji anayetoa matokeo ya jaribio la ISO 5011, ambalo hupima upungufu wa shinikizo na pia kiasi cha vumbi kinachokamatwa. Kipimo cha kwanza bila cha pili hakitoshi, kwa sababu hata wavu wa mbu hupitisha hewa vizuri.

Kufunga

Injini ipoe kabisa. Toa waya wa hasi wa betri ikiwa kitabu cha gari kinaagiza hivyo, ukijua kwamba kompyuta inaweza kusahau mambo iliyojifunza na itahitaji mwendo wa muda kuyajifunza upya. Piga picha kila unachofungua, hasa mipira midogo ya mvuke na ya upumuaji wa injini, kisha ipe alama. Chomoa soketi ya sensa kwa kubonyeza kufuli lake, bila kuvuta waya. Legeza klipu za bomba, toa bomba, halafu fungua boksi.

Mara tu throto au mdomo wa turbo unapobaki wazi, uzibe kwa kitambaa safi kikubwa ambacho hakiwezi kuvutwa ndani, na usikiondoe mpaka bomba jipya liwe mkononi. Nati moja iliyodondoka kwenye turbo inatosha kuyavunja mapanga yake. Kama throto ina utando mweusi wa masizi, huu ndio wakati wa kuisafisha kwa dawa ya throto na kitambaa laini. Iwapo throto ni ya umeme, usiusukume mlango wake kwa nguvu kwa kidole, kwani gea ndogo za ndani zinaweza kuharibika.

Hamisha sensa kwa uangalifu. Usiguse waya wake, usiupulizie hewa ya kompresa, na ukilazimika kuusafisha tumia dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya sensa hiyo peke yake, kisha uiache ikauke. Hakikisha mshale ulio kwenye sensa unaelekea injini, oringi haijakatika, na skrubu zimekazwa kwa nguvu ya mkono tu, kwa kuwa plastiki yake hupasuka upesi.

Anza kufunga kutoka upande wa throto au turbo ukielekea nje, klipu zote zikiwa zimelegea, ili bomba lijipange lenyewe bila kulazimishwa. Angalia nafasi: injini hutikisika juu ya maunti zake dereva anapokanyaga mafuta, kwa hiyo bomba likae angalau sentimita 2 mbali na feni, mikanda, waya na boneti, na bomba lenye uzito lishikiliwe kwa kishikio chenye mpira. Mpira wa silikoni uingie kwenye bomba kwa urefu wa kutosha, na klipu ikae nyuma ya ukingo ulioinuka wa bomba. Kaza mpaka mpira uonekane kubanwa sawasawa, usiendelee hadi klipu ianze kuukata.

Mpira wa upumuaji wa injini urudi pale ulipokuwa, yaani baada ya sensa kwa injini nyingi. Kuukata na kuuacha wazi, au kuuwekea kichujio kidogo na kuziba tundu la bomba kwa kitu kisichokaza, huingiza hewa ambayo sensa haikuiona, na ile kasoro ya petroli pungufu hurudi kwa mlango mwingine.

Injini yenye turbo

Kizuizi kilicho mbele ya turbo kina gharama zaidi ya kile cha injini ya kawaida. Turbo inayotakiwa kutoa shinikizo kamili la kPa 200 kutoka kwenye hewa ya kPa 100 hushindilia mara 2. Ikiwa kichujio na bomba vimeshusha hewa hiyo hadi kPa 95, italazimika kushindilia mara 2.1, izunguke kwa kasi zaidi na kutoa hewa yenye joto zaidi. Bomba la kuingilia turbo liwe na mwili mgumu au silikoni yenye waya ndani, kwa sababu mpira laini hunywea unapovutwa, na dereva huona nguvu zikikatika kwenye mizunguko ya juu bila kujua sababu.

Uvujaji nao una sura mbili. Tundu lililo kati ya sensa na turbo huingiza hewa isiyopimwa, na petroli inapungua. Tundu lililo baada ya turbo hutoa nje hewa iliyokwisha kupimwa, petroli inazidi, na moshi mweusi unaweza kuonekana. Jaribu mfumo mzima kwa kuziba mdomo wa kuingilia turbo kwa plagi maalumu na kujaza hewa polepole, bila kuzidi shinikizo ambalo turbo hulitoa kwa kawaida, huku ukipaka maji ya sabuni kwenye viungo. Usisimame mbele ya plagi hiyo wakati wa kujaza.

Kuwasha na kuthibitisha

Washa swichi bila kuwasha injini kwa sekunde chache ili throto ya umeme ijipange, kisha washa na usikilize. Mluzi ni dalili ya uvujaji. Unganisha skana na usome marekebisho ya petroli ya muda mfupi na ya muda mrefu, yaani asilimia ya petroli ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza, injini ikiwa imepata joto lake, kwanza ikiwa imesimama, halafu kwa mizunguko 2500 hivi, kisha katika mwendo. Ulipaswa kuwa umeyaandika marekebisho hayo kabla ya kufungua chochote. Kama hukufanya hivyo, rudisha mfumo wa zamani ukayapime, kwani bila msingi wa kulinganisha hutajua ulichokifanya.

Marekebisho yakibaki ndani ya asilimia 5 kwenda juu au chini, kazi ni nzuri. Yakivuka 10, usiendelee kuendesha kwa kasi, tafuta sababu. Yakiwa juu gari likisimama na yakishuka mizunguko inapopanda, mara nyingi kuna uvujaji wa hewa, kwa kuwa hewa ya wizi ni sehemu kubwa ya hewa kidogo inayotumika injini ikiwa imetulia. Yakiongezeka mizunguko inapopanda, ishuku sensa, kipenyo cha bomba lake, au pampu ya petroli. Skana ikionyesha msimbo wa hitilafu, P0171 unasema mchanganyiko una petroli pungufu, P0101 unasema kipimo cha sensa ya hewa hakilingani na hali ya injini, P0102 unasema ishara yake iko chini mno, na P0113 mara nyingi humaanisha kwamba soketi ya sensa ya joto la hewa haikurudishwa mahali pake.

Baada ya hapo rekodi mbio moja ya mafuta hadi mwisho kwenye dainomita au uwanja uliofungwa, kwa gea ileile na hali ya hewa iliyo karibu na ile ya jaribio la kwanza. Tazama gramu za hewa kwa sekunde, joto la hewa inayoingia, muda wa cheche na uwiano wa hewa na petroli kutoka kwenye sensa pana ya oksijeni. Injini yetu ya lita 2 kwa mizunguko 7000 ingesoma karibu gramu 140 kwa sekunde ikiwa silinda zinajaa kikamilifu. Ikiwa dainomita inaonyesha nguvu zaidi wakati gramu zimeshuka, sensa inadanganywa na petroli imepungua. Joto la hewa, gari likiwa kwenye mwendo, lisizidi lile la nje kwa zaidi ya nyuzi 10 hivi kwa injini isiyo na turbo. Likizidi, rudi kwenye boksi na mfereji wa hewa baridi. Cheche zikicheleweshwa kuliko zamani, injini inagonga au inaogopa kugonga, na hapo mabadiliko hayo hayajaleta faida yoyote hata kama mvumo wake unapendeza. Pale bomba la sensa lilipobadilika ukubwa, mtaalamu wa programu arekebishe jedwali la sensa lenyewe badala ya kuongeza petroli kwa jumla, kwa kuwa kompyuta hutumia kipimo hichohicho kupanga cheche.

Kaza tena klipu zote baada ya kilomita mia chache, kwani silikoni hujikunja ikizoea joto. Kichujio cha aina inayooshwa kioshwe kwa kumimina maji kutoka upande wa ndani kwenda nje, kikaukie kivulini bila hewa ya kompresa, na kama ni cha pamba kipakwe mafuta kidogo kidogo mpaka rangi ienee, kisha kikae usiku mzima kabla ya kurudishwa kwenye boksi. Kila unapokitoa, pitisha kitambaa cheupe ndani ya bomba lililo nyuma yake. Kikitoka na vumbi, kichujio hakikazi kwenye shingo yake au kimetoboka, na kibadilishwe kabla gari halijawashwa tena.